Kibali cha Mfereji wa Mjomba

Wazee wetu waliposema mganga hajigangi hawakuwa na nia ya kumcheka mganga. Walikuwa wamemwona. Walimwona akimchemshia jirani mizizi huku kikohozi kikimkaba yeye mwenyewe, naye akisema, "Hiki changu nitakishughulikia kesho." Maana ya methali hii ni kwamba mtu aweza kuwa bingwa wa kuondoa shida za wenzake, na bado shida iliyo chini ya paa lake ikamshinda. Hashindwi kwa kukosa ujuzi. Hushindwa kwa sababu mambo ya kwao huyaona hayana haraka. Anayedhani hilo ni jambo dogo na asikilize yaliyompata Raya binti Twalibu.

Katika mji wa Morogoro hakuna aliyeyajua maji kama Raya. Alianza kazi akiwa mhandisi, akipima mito kwa buti zake mwenyewe, na kwa miaka saba alijenga mabanio ya kuchepushia maji katika vijiji vingi vya milima ya Uluguru. Kilichomuudhi ni kuona wanakijiji wakinyang'anywa maji ya banio zuri la saruji kwa sababu tu hawakuwa na karatasi. Basi akarudi darasani, akasomea sheria Mzumbe, akavaa joho la uwakili. Wahandisi wenzake wakamwita Wakili, mawakili wakamwita Fundi Bomba, naye akacheka na wote. Lakini siku ya kesi, mawakili hao hao waliingiwa na ubaridi wakimwona, kwa kuwa aliweza kunukuu kifungu cha sheria na papo hapo akataja mto ule hupitisha lita ngapi mwezi wa kumi.

Jina lake likaenea. Zilipoandikwa sera za misitu na maji aliitwa Dodoma kutoa maoni, na alipozungumza watu waliacha kuchezea simu zao. Katika semina zake hakuchoka kurudia maneno haya: "Maji yasiyoandikwa ni maji ya mwenye nguvu." Maofisa wachanga waliyaandika kwenye madaftari yao na kuyapigia mstari.

Raya alizaliwa Lusegwa, kijiji kilicho juu ya Matombo, ambako gari hupanda likilalamika na wakati wa masika halipandi kabisa. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo husimamiwa na mjomba. Mama yake alifariki Raya akiwa kidato cha pili, akalelewa na mjomba wake, Mzee Kibwana, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kama anayeogopa kumwamsha mtu. Ada yake yote ya shule ilitoka katika ndizi, iliki na magimbi ya shamba la ukoo. Na shamba hilo lilinyweshwa na mfereji mmoja uliochimbwa na wazee wa ukoo kwa majembe ya mkono, ukachota maji katika kijito cha Mbolo na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi kwenye kaya tisa. Kila kiangazi kilipoanza, Mzee Kibwana ndiye aliyeufungua. Alinyunyiza unga mweupe wa mtama pale banioni, akawataja waliotangulia mmoja mmoja, kisha akalitoa jiwe la kwanza. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa.

Sheria ilisema kila atumiaye maji ya mto kwa kilimo awe na kibali, na wale waliotumia maji kwa mila tangu zamani waandikishe haki yao. Raya mwenyewe ndiye aliyepanda mlima kumweleza mjomba wake habari hiyo.

"Niombe maji yangu mwenyewe?" Mzee Kibwana aliuliza, akastaajabu kweli. "Niende kwa nani? Nimwambie nini?"

"Huombi, mjomba. Unaandikisha tu, ili siku mtu akiuliza, jina lako liwepo."

Mzee alifikiri miezi miwili. Kisha akashuka mjini na fomu imejazwa, majina ya kaya zote tisa yameandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Raya aliipokea kwa mikono miwili.

"Niachie, mjomba. Hii ni kazi ya asubuhi moja."

Na hakusema uongo. Kilichobaki ni kupima mfereji, kuchora ramani, kutia sahihi na kuipeleka ofisi ya maji. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo haikupatikana.

Wiki ile wanakijiji wa Mvomero walimjia wakilia, banio lao limefungwa kwa kufuli na mwenye shamba kubwa. Raya aliacha kila kitu akaenda. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya wafugaji, kisha shule ya masista iliyokaukiwa kisima, kisha Dodoma, kisha wengine na wengine. Wote walikuwa na haki na wote walikuwa na haraka. Fomu ya mjomba haikuwa na mtu wa kuililia pale mezani. Mjomba ni mjomba, ataelewa. Ndivyo Raya alivyojiambia, na tusimcheke, maana ni nani asiyewapa watu wa kwao makombo ya muda wake?

Mwaka wa pili ukaja Ushirika wa Tuelewane, wakulima wa mboga kama mia mbili wa bondeni chini ya Lusegwa. Mwenyekiti wao, Salum, alikuwa mtu wa maneno machache aliyezoea kuvua kofia kila anapotaka kusema. Nao walichota maji katika kijito kile kile cha Mbolo, na walikuwa na hofu ya kunyang'anywa. Raya alishuka bondeni siku tatu. Alipima, akachora, akaandika maombi ambayo mtu angeweza kuyafundishia chuoni. Katika fomu palikuwa na swali: je, wapo watumiaji wengine upande wa juu? Raya alishika kalamu hewani kidogo. Kisha akaandika kwa mkono wake: "Wapo, kwa mila. Maombi yao yanaletwa."

Jioni hiyo alikusudia kwa moyo wote kuyaleta.

Mzee Kibwana hakulalamika. Alishuka mjini mara moja tu kuulizia, siku ya Jumatatu, akaketi kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili asubuhi, kanzu yake imepigwa pasi. Raya alitokea mlangoni akiwa tayari na mkoba begani.

"Shikamoo, mjomba! Mbona hukunipigia simu?"

"Marahaba, mwanangu. Unatoka?"

"Natoka, mjomba, nina kesi Kilosa saa tano. Nisubiri, au kesho..."

"Sikuja kukuchelewesha. Nimeuliza tu ile fomu yetu."

"Iko salama kabisa. Iko kabatini mwangu."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, akatabasamu. Kwake yeye, kuwamo katika kabati la Raya kulikuwa sawa na kupitishwa na serikali.

Raya alipoondoka, karani wake alishindwa kunyamaza. Huyu aliitwa Furaha, mwanamke mtu mzima asiyemung'unya maneno.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Ofisi ya maji ni hapo tu, hata kwa miguu unafika. Nikutolee fomu yako uipeleke mwenyewe? Au nikuonyeshe mwanasheria mwingine, yupo jengo la pili?"

Mzee Kibwana alitikisa kichwa taratibu. "Hapana, mama. Kuyafungua maji ni kazi yangu. Lakini maji ya lukolo, ya ukoo wetu, mbele ya wageni husemwa na mtoto aliyezaliwa na mwanamke wa ukoo. Huyo ni Raya. Nikimpa mtu mwingine ni kama nimetangaza kwamba mpwa wangu hatufai. Nitamwaibishaje mbele ya watu wanaomheshimu?"

"Na akichelewa je?"

"Anachelewa akiwatumikia watu. Nani atamlaumu?"

Furaha alimsimulia bosi wake maneno hayo neno kwa neno. Yalimchoma Raya. Akaitoa fomu kabatini, akaiweka juu kabisa ya meza yake ili asiisahau. Kufikia Ijumaa ilikuwa imefunikwa na mafaili mengine sita.

Kisha mvua ikakataa. Vuli haikunyesha, na masika yakanyesha wiki mbili tu yakakoma. Vijito vya Uluguru ambavyo watu walizaliwa wakivisikia vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Mbolo haikukauka, ila ilinyong'onyea, ikawa mtu anaivuka bila kuvua viatu. Serikali ikatangaza mgao: wenye vibali wagawiwe maji kidogo kidogo kwa uwiano wa vibali vyao, na mifereji yote isiyo na kibali ifungwe mpaka hali itengemae.

Raya alikuwa mkutanoni mjomba alipopiga simu. Aliona jina lake, akatoka nje upesi.

"Raya mwanangu, kuna bwana mmoja amekuja hapa na karatasi. Anasema tufunge mfereji. Nimemwambia amekosea, sisi tumeandikishwa na wewe. Nimpe simu uongee naye?"

"Mjomba, mwambie asubiri. Naenda ofisini kwao sasa hivi."

Ofisa aliyeshughulikia mgao aliitwa Godfrey, kijana aliyewahi kuhudhuria semina zake mbili. Alisimama alipomwona, akamvutia kiti. Alipomsikiliza hadi mwisho, aliinua faili la kijito cha Mbolo kama mtu anayeinua kitu kizito.

"Mama Wakili, tangu juzi nalitafuta jina la Mzee Kibwana katika daftari. Halipo. Nilichokikuta ni hiki."

Akamgeuzia faili. Raya aliusoma mwandiko wake mwenyewe: wapo, kwa mila, maombi yao yanaletwa. Pembeni palikuwa na tarehe. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minne.

"Tuliyasubiri," Godfrey alisema kwa upole. "Niliwahi hata kukupigia. Ukasema yako njiani."

"Kama yangekuwapo?"

"Wangegawana na Tuelewane. Kila upande ungepata kidogo, lakini mimea isingekufa." Akafunua ukurasa mwingine. "Ipo njia moja. Uweke pingamizi dhidi ya kibali cha Tuelewane, useme kilitolewa bila kuwahesabu walioko juu."

"Kibali nilichokiandika mimi? Niwashtaki wateja wangu kwa kosa langu?"

Godfrey alilifunga faili. Alijua kwamba wakili hamgeukii mteja wake, kwa sababu Raya ndiye aliyemfundisha hilo kwenye semina.

Raya hakukata tamaa upesi. Alikwenda bondeni kumwona Salum, si kama wakili bali kama mtoto wa Lusegwa, akamwomba awaachie watu wa juu walau siku mbili kwa wiki. Salum alivua kofia, akamtembeza katikati ya matuta. Kabichi zilikuwa zimelegea majani. Akina mama walinywesha kwa vikombe, shina moja moja.

"Mama, haya ndiyo maji yote tuliyo nayo," Salum alisema. "Nikitoa siku mbili, nusu ya haya matuta yanakufa. Niambie wewe, niwaendee akina mama gani niwaambie yao ndiyo yafe? Ukinionyesha, nitakwenda."

Raya aliwatazama wale akina mama. Baadhi aliwajua kwa majina. Akaaga.

Asubuhi iliyofuata aliketi mezani, akazima simu, akaichomoa fomu ya mjomba chini ya mafaili. Ramani aliichora kwa kumbukumbu, maana kila kona ya mfereji ule aliikimbia utotoni. Kabla ya saa sita alikuwa ameifikisha ofisi ya maji ikiwa imekamilika. Kumbe kweli ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alipotoka pale alisimama kwenye ngazi akalia waziwazi, watu wakampita pembeni wakidhani amefiwa.

Sheria haina njia ya mkato, na Raya alilijua hilo kuliko yeyote. Ombi hutangazwa, husubiriwa pingamizi, hukaguliwa, hujadiliwa. Mgao haukusubiri. Yule bwana wa karatasi aliporudi Lusegwa na vijana wa kuziba mfereji, Mzee Kibwana aliwazuia kwa kunyoosha mkono tu. Kama mfereji ni wa kufungwa, alisema, utafungwa na mwenyewe. Akashuka banioni mbele ya kaya zote tisa, na Raya akiwa miongoni mwao, akarudisha mawe moja moja, la mwisho akaligandamiza kwa magoti. Hakunyunyiza unga. Wala hakuwataja waliotangulia, kwa sababu, kama alivyomwambia Raya wakipanda kurudi, hakujua awaeleze nini.

"Mjomba, nimekukosea. Kosa ni langu peke yangu."

"Usiseme hivyo."

"Lakini ndivyo ilivyo!"

Mzee alitembea hatua kadhaa. "Ndivyo ilivyo," akakubali, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. Raya angependa zaidi kama angemfokea.

Iliki ilikufa kwanza, magimbi yakafuata. Migomba ilijikaza mpaka mwezi wa kumi, ikaanguka. Kaya mbili zilihamia Morogoro mjini, nne zikatafuta mashamba ya mpunga Kisaki, nyingine zikatawanyika. Nyumba ya ukoo ilipobaki na mzee peke yake, binti yake wa kumzaa, Asia, alimfuata akamchukua kwake Kisaki. Mtu asiye Mluguru anaweza kuona hilo ni jambo jema, baba kutunzwa na bintiye. Lakini Asia ni wa ukoo wa mama yake. Mkuu wa ukoo alikwenda kuzeekea katika ukoo wa watu, mbali na makaburi aliyoyapalilia maisha yake yote.

Kibali kilitoka mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimerudi. Raya alikipokea kwa Godfrey, akapanda basi kwenda Kisaki nacho siku hiyo hiyo. Alimkuta mjomba wake amelala kitandani, amekwisha mwili, kikohozi hakimpi nafasi. Asia alimwinua akamwegemeza kwenye mto.

"Kimetoka, mjomba," Raya alisema, na kukisoma chote, kuanzia namba mpaka mhuri.

Mzee alisikiliza kwa heshima, kama anayesikiliza khutuba. "Kimeandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Na mfereji ukoje?"

Raya alitaka kumdanganya, akashindwa. "Umebomoka sehemu mbili, mjomba. Mvua zilipokuja hapakuwa na mtu wa kuusafisha, ukajaa udongo, kingo zikakatika."

"Kaya zipo ngapi?"

"Hakuna, mjomba. Walioko huku wamekwisha kupanda mpunga. Wanasema hawarudi."

Mzee Kibwana alifumba macho. Raya alidhani amelala, akaanza kukikunja kile kibali.

"Uliwasaidia wengi, mama," mzee alisema bila kufumbua macho. "Nilipokuwa napita Matombo walikuwa wakiniambia, wewe ndiye mjomba wa yule wakili? Nilifurahi sana kuitwa hivyo. Basi nikadhani na sisi tumo."

Alifariki siku ya nne baada ya hapo, baada ya sala ya alfajiri. Kwa kuwa maiti wa Kiislamu hacheleweshwi na barabara ya kwenda Lusegwa ilikuwa imekatika kwa mvua, alizikwa palepale Kisaki, kati ya watu wasiolijua jina la ukoo wake.

Siku ya kuanua tanga lilifika lori likitokea Matombo kwa njia ya mzunguko. Waliteremka watu kama thelathini wa Ushirika wa Tuelewane, Salum mbele. Walikuwa wamesikia kwamba mama yao wakili amefiwa, nao hawakutaka kuja mikono mitupu. Walishusha magunia ya kabichi, karoti, na hoho zilizonona, wakayafikisha jikoni kwa akina mama. Kisha Salum akavua kofia mbele ya waombolezaji.

"Sisi huyu mama ametuokoa," alisema, na machozi yalimlengalenga. "Mwaka ule wa ukame, wenzetu wengi walifunga mashamba. Sisi tulivuna. Watoto wetu walikula, walikwenda shule. Isingekuwa karatasi aliyotuandikia kwa mkono wake, leo tungekuwa wapi? Mungu amlipe, na amlaze mjomba wake mahali pema."

Watu wote wakaitikia amina. Wengine wakageuka kumtazama Raya kwa macho ya kumheshimu. Asia alimletea sahani ya wali na kabichi ya bondeni, akaiweka mbele yake bila neno. Raya alimega tonge kwa sababu wageni walikuwa wakimwangalia. Alilitafuna kwa muda mrefu, huku akiwashukuru mmoja mmoja kwa kuja. Alikuwa amewatibu kiu watu wa milima mizima, na wa ukoo wake akawaacha wakauke, nami sina hukumu ya kuongeza juu ya ile iliyokwisha kutolewa na wahenga: mganga hajigangi.